Baada ya kemo ya mwisho: jinsi ya kuishi na saratani ya utumbo ambayo "haionekani"

Daktari alifunga faili, akasema, "Kwa sasa hatuoni kitu, Mwalimu. Tuonane baada ya miezi mitatu." Nilitoka na furaha yangu, na kabla sijafika getini maswali yakaanza. Hatuoni kitu, au hakipo? Na kama nimepona, miezi mitatu ya nini?

Mimi nilifikishwa hospitali utumbo umeziba, tumbo limewamba kama ngoma. Nikapasuliwa usiku uleule, kipande cha utumbo mpana kikakatwa, nikaamka na mfuko wa choo ubavuni. Majibu ya nyama yakarudi: saratani, hatua ya tatu. Ikafuata mizunguko minane ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, miezi sita, na baadaye utumbo ukaunganishwa tena. Wakati wote huo kulikuwa na mtu wa kuniambia kesho niende wapi. Hayo yalipokwisha ndipo nilipojikuta peke yangu, nikiogopa kuliko nilivyoogopa kwenye dripu.

Haya ninayoandika ni kwa aliyefika hapo. Hayachukui nafasi ya daktari wako. Nataka yakufikishe mbele yake ukiwa umejiandaa.

1. Lipime neno uliloambiwa

Kiswahili kina ngazi zake hapa, zitumie. Kuna nafuu, kuna ahueni, kuna kupona. Daktari akisema "hakuna dalili za ugonjwa", maana yake ni kwamba kwa vipimo vilivyopo, yaani damu, picha za CT (za mashine ya kompyuta inayoonyesha ndani ya mwili) na kamera ya utumbo, saratani haionekani. Chembe chache zikiwa zimejificha mahali, hakuna picha itakayozionyesha. Ndiyo maana daktari mkweli hatakuapia siku hiyo kuwa umepona. Sehemu kubwa ya saratani za utumbo zinazorudi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Ikipita mitano salama, madaktari wengi hulitamka neno kupona bila kusita.

Watu wakiniuliza huwajibu, "Nimemaliza matibabu, niko kwenye ahueni, naendelea na vipimo." Shangazi yangu hakulipenda jibu hilo. Alisema nijitamkie kupona, nisijivutie mabaya kwa mdomo wangu. Nilimwitikia kwa heshima, ila maneno sikuyabadilisha. Kuna mama tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja siku za dripu; alijitangaza kupona mbele ya watu, akaacha kliniki, na tulipoonana tena macho yake yalikuwa ya manjano. Omba, shukuru, toa sadaka, na tarehe ya kliniki uende.

2. Usiondoke bila makaratasi yako

Iwe umetibiwa Ocean Road, Bugando, KCMC, Kenyatta au Eldoret, siku moja utahitaji kuonwa na mtu asiyekujua, pengine usiku, pengine mkoa mwingine. Omba nakala za vitu hivi: ripoti ya upasuaji, majibu ya patholojia (uchunguzi wa nyama iliyokatwa), orodha ya dawa za kemo na mizunguko uliyopata, maelezo ya mionzi kama ulipigwa, picha za CT kwenye sidii pamoja na ripoti yake, na majibu yote ya CEA, kipimo cha damu nitakachokieleza mbele.

Kwenye majibu ya patholojia tafuta mambo matatu na uombe ufafanuliwe. Saratani ilikuwa hatua ya ngapi? Tezi za limfu zilizokaguliwa ni ngapi, na ngapi zilikutwa na ugonjwa? Kwa kawaida inatakiwa zikaguliwe angalau 12. Zikiwa chache, daktari anapaswa kulijua hilo anapokupangia ufuatiliaji. La tatu, je, nyama ilipimwa kuona kama ugonjwa ni wa kurithi? Hili nitalirudia mwishoni kwa ajili ya ndugu zako.

Yapige picha yote kwa simu, mtumie mtu mmoja unayemwamini. Karatasi huliwa na panya.

3. Nunua kaunta buku, uchore miaka mitano

Kutokuwa na uhakika hakuna dawa, lakini kuna utaratibu. Hofu isiyo na tarehe hukaa nawe mezani kila siku. Ukiipa tarehe, angalau inajua siku zake. Mimi nilichukua kaunta buku kama yale ninayoandikia maandalio ya masomo, nikapiga mistari, nikaandika miaka mitano mbele. Kwa hatua ya pili na ya tatu, ratiba inayotumika sehemu nyingi ni hii:

- Kuonana na daktari na kupima CEA: kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2, halafu kila miezi 6 mpaka mwaka wa 5.
- CT ya kifua, tumbo na nyonga: kila miezi 6 hadi 12, mpaka mwaka wa 5.
- Kolonoskopi, yaani kamera ya utumbo: mwaka 1 baada ya upasuaji. Ikiwa safi, rudi baada ya miaka 3, kisha kila miaka 5.

Kama uliingia upasuaji wa dharura kama mimi, kamera haikuweza kupita utumbo wote kwanza. Basi usingoje mwaka. Inatakiwa ifanyike ndani ya miezi 3 hadi 6 baada ya upasuaji, kwa sababu huenda kulikuwa na uvimbe mwingine juu ya pale palipoziba. Mimi hili sikuambiwa, nililiuliza mwenyewe. Nawe uliza.

Pembeni ya kila tarehe andika mambo ya fedha: kipimo kinahitaji kibali cha bima? Kibali kinachukua siku ngapi? Nauli ni kiasi gani, na utalala kwa nani? Vipimo vingi havikosi kufanyika kwa sababu mgonjwa amekataa. Hukosa kufanyika kwa sababu tarehe imefika na pesa haipo. Anza kuweka kidogo kidogo mara tu unapotoka kwenye kipimo kilichopita.

Kuhusu maandalizi ya kamera: siku moja kabla utakunywa vitu vyepesi vinavyopitisha mwanga tu, kama chai ya rangi, madafu, supu iliyochujwa. Uji hapana, juisi nyekundu hapana. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma huachwa karibu wiki nzima kabla. Na usiende peke yako. Ukipewa dawa ya usingizi, usijipandie bodaboda kurudi nyumbani.

4. Jifunze kuisoma CEA kabla haijakutisha

CEA ni protini inayopimwa kwenye damu. Iligunduliwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal, Kanada, na mpaka leo ndiyo inayotufanya tukose usingizi. Kwa asiyevuta sigara, kwa kawaida huwa chini ya nanogramu 5 kwa mililita. Saratani ikirudi inaweza kupanda. Lakini hupanda pia kwa sigara, kwa matatizo ya ini, kwa maradhi ya mapafu na kwa sehemu za ndani ya mwili kuvimba bila saratani. Na kuna saratani zisizoipandisha kabisa. Ndiyo maana haitoshi peke yake.

Yangu ilikuwa 2.1, kisha 2.4. Mwezi wa tisa ikaja 6.3.

Nakumbuka nilivyoishika ile karatasi. Kidole gumba kilikuwa kimefunika namba, nikakisogeza, nikakirudisha. Daktari alinilaza, akaminya tumbo, akapapasa chini ya mbavu upande wa ini, akasikiliza kifua, akasema, "Namba moja haituambii kitu, Mwalimu. Tunarudia baada ya wiki nne." Akaandika tarehe.

Zile wiki nne nilisahihisha mitihani ya kidato cha pili. Nilipika. Nililia chooni bomba likiwa wazi ili watoto wasisikie. Usiku mmoja mume wangu akaniuliza kama nataka tuongee au nataka tunyamaze, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali zuri kuliko hilo. Nilisema tunyamaze. Tulikaa barazani mpaka mbu wakatufukuza. Majibu ya pili yakaja 2.7. Kilichoipandisha hatukukijua.

Kwa hiyo: pima maabara ileile kila mara, maana mashine hutofautiana. Usipime ukiwa na homa au maambukizi kama unaweza kusubiri. Andika namba zote kwa mfululizo, kwa sababu anachotazama daktari ni mwelekeo. Ikipanda mara moja, irudiwe. Ikizidi kupanda, utaitwa kupigwa CT, na hapo usikimbie. Saratani iliyorudi sehemu moja, kwa mfano kwenye ini au pafu, wakati mwingine hukatwa, na wako watu wanaopona kabisa baada ya hapo. Usumbufu wote huu wa miaka mitano lengo lake ni kuikamata ikiwa bado inakatika.

5. Wiki ya kipimo

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Usijione dhaifu kwa kukaa tumbo joto siku saba kabla ya CT, kwa kugombeza watoto bila sababu, kwa kusikia maumivu sehemu ambayo jana haikuuma. Wengi wetu hupitia hayo, hata wale wanaocheka sana kliniki.

Yaliyonisaidia mimi ni madogo. Kipimo na siku ya majibu niliomba visogezwe vikaribiane. Kungoja siku tatu si sawa na kungoja wiki tatu. Niliuliza mapema nani atanipa majibu, na nikaomba nipewe ana kwa ana. Ripoti ya CT imejaa maneno ambayo kwa daktari hayana uzito, na kwako wewe saa nne usiku ni hukumu. Bahasha ikifika mkononi mwako kabla ya kliniki, iache imefungwa, au ifungue mbele ya mtu anayeweza kuisoma.

Chagua mtu mmoja wa kumwambia tarehe. Mmoja tu. Ukiwaambia ukoo mzima, siku ya majibu utapigiwa simu ishirini, na kila moja utatakiwa kumtuliza anayekupigia.

Kila jioni ya wiki hiyo nilijipa dakika ishirini za kuogopa. Naandika kwenye kaunta buku kila kinachonitisha, hata mambo ya nani atawalea watoto, kisha nalifunga. Hofu ikija mchana naiambia ingoje jioni. Mara nyingi hungoja.

Ikiwa hofu haishi hata majibu yakiwa mazuri, hulali wiki kwa wiki, chakula hakipandi, ulichokuwa unakipenda hakina ladha tena, hiyo inaweza kuwa sonona. Mwambie daktari kama unavyomwambia habari ya tumbo. Inatibika, na si ukosefu wa imani.

6. Dalili: zipi za kungoja, zipi za kukimbia nazo

Kila mwenye tumbo huharisha siku moja moja. Kanuni yangu ni wiki mbili: kikitokea kitu kipya, kiandike na tarehe yake. Kikiisha, futa. Kikifika wiki mbili, piga simu kliniki, usingoje tarehe. Hapa ndipo penye kikohozi kisichoisha, maumivu ya mfupa mahali pamoja, kupungua uzito bila kujinyima, choo kilichobadilika kikakaa hivyo.

Wiki mbili hazihusu haya: damu kwenye choo, macho kuwa ya manjano, au tumbo kujaa na kuuma huku unatapika na hata hewa haitoki. Hilo la mwisho ni utumbo kuziba, na mara nyingi linasababishwa na makovu ya ndani ya upasuaji wala si saratani, lakini ni dharura ya siku hiyohiyo.

7. Mwili uliobaki nao

Ganzi. Kama ulipewa dawa ya kemo iitwayo oksaliplatini, jua jambo moja ambalo lilinitisha bure: ganzi ya mikono na miguu inaweza kuzidi kwa miezi kadhaa *baada* ya dawa kuisha. Yangu ilikuwa mbaya zaidi mwezi wa tatu tangu dripu ya mwisho. Chaki ilikuwa ikinidondoka nisijue, wanafunzi ndio waliokuwa wakiniambia, "Mwalimu, chaki." Kwa wengi hupungua taratibu ndani ya mwaka au zaidi, ingawa kuna wanaobaki na kiasi. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Usiepue sufuria kwa mikono mitupu. Shambani vaa viatu, na kila usiku tazama nyayo zako, hasa kama una kisukari, kwa sababu msumari unaweza kukuingia usiusikie. Ikiwa inauma na kuchoma, daktari ana dawa ya duloksetini ya kupunguza.

Choo. Waliokatwa sehemu ya chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa, hupata tabu kubwa kuliko sisi wa juu: kwenda mara kwa mara, kubanwa ghafla, kwenda kidogo kidogo mara nne ndani ya saa moja. Si uzembe wako, ile sehemu iliyokuwa ikihifadhi choo imeondoka. Muulize daktari kuhusu loperamidi, dawa ya kupunguza kuharisha, ya kumeza nusu saa kabla ya kula, na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Safarini, kaa kiti cha upande wa njia, na ujue basi linasimama wapi. Mimi nikitoka Tanga kwenda Dar nahesabu Segera na Chalinze. Mkobani pana kanga, karatasi laini, nguo ya ndani ya akiba na maji.

Mfuko. Umwage ukifika theluthi, usingoje ujae. Ngozi ioshwe kwa maji tu bila sabuni ya manukato, na tundu la mfuko lizidi kile kinyama cha utumbo kilichotokeza kwa milimita 2 au 3, si zaidi. Mwenye mfuko wa utumbo mwembamba hupoteza maji na chumvi haraka. Maji matupu hayatoshi, na madafu, pamoja na uzuri wake, hayana chumvi inayotosha. Tumia ORS, ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji na chumvi mwilini; ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Kufunga Ramadhani kwa mtu huyu zungumza na daktari kwanza. Kuhusu swala, sheikh wako atakueleza hukumu ya mwenye udhuru, ambaye hutia udhu kwa kila kipindi cha swala. Wapo waliojiweka mbali na msikiti miaka kwa kutojua hilo.

Unyumba. Upasuaji wa chini na mionzi ya nyonga vinaweza kupunguza nguvu za mwanamume, na kumletea mwanamke ukavu na maumivu, hata hedhi kukoma mapema. Madaktari wengi hawatakuuliza usipoanza wewe. Sema "nina shida ya ndani ya ndoa", ataelewa.

8. Miguu, sahani, na majani ya mstafeli

Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao CHALLENGE. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliomaliza kemo, wengi wao wa Kanada na Australia, waligawanywa: kundi moja likapewa msimamizi wa mazoezi kwa miaka 3, jingine kitabu cha maelezo tu. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai bila saratani walikuwa asilimia 80 kwenye kundi la mazoezi, na 74 kwenye lile jingine. Mazoezi yenyewe kwa wengi ni kutembea kwa haraka dakika 45 hadi 60, mara tatu au nne kwa wiki. Hili ni jambo lisilohitaji kibali wala bima. Anza na dakika kumi, hata kwa kuzunguka nyumba.

Chakula sitakiongelea sana. Nyama nyekundu isizidi nusu kilo iliyopikwa kwa wiki, soseji ziache, pombe iache ukiweza, maharage na mboga ziongezwe polepole kadiri utumbo unavyokubali.

Majani ya mstafeli lazima niyaseme, kwa sababu kila mgonjwa huletewa fungu na mtu anayempenda kweli. Mti huo una kemikali iitwayo anonasini inayodhuru mishipa ya fahamu, na huko Guadeloupe, visiwa vya Karibi, matumizi yake ya muda mrefu yamehusishwa na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Mtu ambaye vidole vyake tayari vina ganzi ya kemo hana mishipa ya kuchezea. Pokea fungu, shukuru, weka pembeni. Dawa nyingine yoyote ya miti, iandike kwenye kaunta buku na umwonyeshe daktari kabla hujaimeza.

9. Waambie wa damu moja

Ugonjwa wako ni habari kwa wazazi, ndugu na watoto wako. Wanapaswa kupimwa kwa kamera wakifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri uliogunduliwa nao wewe, chochote kitakachotangulia. Mimi niligunduliwa nikiwa na 44, kwa hiyo kwetu hesabu inaanza 34. Kama patholojia ilionyesha dalili za ugonjwa wa kurithi uitwao Lynch, wataanza mapema zaidi na kurudi mara nyingi zaidi, na wanawake watazungumza na daktari kuhusu mji wa mimba pia.

Kaka yangu mkubwa ana miaka 51. Mara ya kwanza alicheka, akasema yeye choo chake hakina tatizo. Mara ya pili alisema mwanamume hawezi kuingizwa kamera huko. Mara ya tatu sikumweleza chochote. Nilifungua kaunta buku kwenye ule ukurasa wa wiki nne za CEA, nikamwachia mezani, nikaenda jikoni kuchemsha chai. Niliporudi alikuwa bado ameinama. Aliuliza kamera inagharimu kiasi gani, na kama nitamsindikiza.

Walimtoa vivimbe viwili vidogo, majibu yakaja si saratani. Sasa na yeye ana ukurasa wake humo ndani, na tarehe yake ya kurudi nimeiandika mimi, kwa wino mwekundu.